Ukaa wa Nani? Shaka na Wajibu katika Kiswahili cha Joto la Dunia

Tangu Mkutano wa Rio wa mwaka 1992, Kiswahili kimejipatia msamiati wa kutosha wa kuzungumzia kupanda kwa joto la dunia. Vitabu vya shule, vipindi vya redio, hotuba za viongozi, mabango ya miradi na mashairi ya kampeni hutumia maneno yaleyale: tabianchi, hewa ukaa, gesi joto, uharibifu wa mazingira, shughuli za kibinadamu, wajibu wa kila mmoja wetu. Wanaistilahi wamekwisha kujadiliana kama maneno hayo yameundwa vizuri. Lililobaki nyuma ni swali la kihakiki: lugha hii humtaja nani kuwa mtenda, humtwisha nani lawama, na humchukuliaje yule anayeitilia shaka?

Makala haya yanaisoma lugha hiyo kutoka mahali pamoja, mji wa Manono katika jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msikilizaji wa Manono atakayetajwa hapa ni wa kinadharia, kwa maana ile ambayo wahakiki wa mapokezi humzungumzia msomaji anayedokezwa na matini. Hakuhojiwa na mtu. Lakini mahali alipowekwa si pa kinadharia hata kidogo. Manono ni mji ambao umechangia karibu hakuna katika joto la dunia, na ambao sasa unaombwa udongo wake ili joto hilo lipunguzwe. Ni vigumu kupata mahali panapoupima vizuri zaidi usemi wa "wajibu wa kila mmoja wetu".

Mji wa bati

Manono ilijengwa na bati. Kampuni ya Kibelgiji ya Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilianza kuchimba huko mwishoni mwa muongo huo, na nyumba, barabara, hospitali na karakana zilifuata mgodi. Umeme ulitoka kwenye maporomoko ya Piana-Mwanga katika mto Luvua, ambako kituo kilijengwa katika miaka ya 1930. Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza migodi yao mikubwa ya bati, na bati la Kongo likatakiwa lizibe pengo hilo. Baada ya uhuru mgodi ukabadili majina na wenyewe. Katika miaka ya 1980 bei ya bati ikaanguka duniani na uzalishaji wa kiwanda ukasimama. Kisha vita vya miaka ya 1996 hadi 2003 vikamalizia kilichokuwa kimesalia. Wakabaki wachimbaji wa mkono, vilima vyeupe vya mchanga uliokwisha kuchujwa, na giza la usiku.

Katika mwamba uleule mna lithiamu. Mwaka 2019 kampuni ya Australia, AVZ Minerals, ilitangaza kwamba eneo la Roche Dure pekee lina tani milioni 400 za mawe yenye oksidi ya lithiamu kwa kiwango cha asilimia 1.65 hivi, na Manono ikaingia katika orodha ya akiba kubwa za madini hayo ulimwenguni. Lithiamu ndiyo roho ya betri za magari ya umeme. Hivyo mji usio na umeme wa uhakika ukawa tumaini la watu wanaotaka kuacha petroli.

Tabia ya nchi na tabia ya mtu

Neno tabianchi lilianzia katika ufundishaji wa jiografia, na darasani halina ubaya wowote: tabia ya nchi ni ile hali yake ya miaka mingi, tofauti na hali ya hewa ya leo na kesho. Likitoka darasani, hata hivyo, linabeba mzigo usiotarajiwa. Kwa msemaji wa kawaida tabia ni mwenendo. Mtu ana tabia njema au mbaya, na mwenye tabia mbaya huonywa. Kwa hiyo "mabadiliko ya tabianchi" yana harufu ya mawaidha kabla hata ya sentensi kukamilika, na si ajabu kwamba matini nyingi za kampeni hutoka hapo moja kwa moja kwenda kwenye maonyo: watu wamezidi kukata miti, watu hawasikii, watu wabadilike.

Lipo jambo jingine kuhusu istilahi hii. Mwaka 2002 Frank Luntz, mshauri wa lugha wa chama cha Republican cha Marekani, aliwaandikia wanasiasa wa chama hicho akiwashauri waseme mabadiliko ya tabianchi badala ya joto la dunia, kwa sababu usemi wa kwanza hautishi kama wa pili. Wanaistilahi wa Kiswahili hawakumsikiliza Luntz. Wao walifuata lugha ya Umoja wa Mataifa. Matokeo yalikuwa yaleyale. "Joto" kila mtu analijua mwilini mwake, na akiambiwa limeongezeka atauliza nani anachochea moto. "Mabadiliko" hayaulizi chochote. Majira nayo hubadilika.

Hewa ukaa ni tatizo la namna nyingine. Neno ukaa, kwa maana ya kaboni, limetolewa katika kaa, na kimofolojia ni uundaji wa kupendeza. Lakini makaa, katika maisha ya watu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, ni makaa ya kupikia. Huko Katanga huitwa makala, na yanauzwa kwa gunia kando ya kila barabara. Msikilizaji anapoambiwa kwamba hewa ukaa inaichoma dunia, picha inayomjia kwanza ni tanuri la mchoma makaa nyuma ya nyumba ya jirani. Petroli haimo katika picha hiyo, wala ndege, wala saruji, wala mitambo ya umeme ya Ulaya na Asia inayotumia makaa ya mawe. Neno moja tu limetosha kumhamishia maskini kosa ambalo kwa sehemu kubwa si lake. Hapakuwa na njama katika uundaji huo, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kutouona.

Sarufi inaikamilisha kazi iliyoanzwa na msamiati. Usemi "shughuli za kibinadamu" umekuwa kama kiitikio. Kisayansi ni sahihi: Jopo la Kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilisema mwaka 2021 kwamba hakuna utata kuwa binadamu ndiye aliyeipasha moto anga, bahari na nchi kavu. Wanasayansi walihitaji neno la kumtenganisha binadamu na jua na volkano. Mwandishi wa kampeni anahitaji zaidi ya hilo, maana msikilizaji wake hajadhani kwamba kosa ni la volkano. Anataka kujua ni binadamu yupi. Mtu mmoja wa Kongo, kwa wastani, hutoa kwa mwaka chini ya tani 0.1 ya hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Wastani wa dunia unakaribia tani 5, na wa Marekani tani 14. Matini inayowaita hawa wote kwa kiwakilishi kimoja, "sisi", imekwisha kusema uongo mdogo kabla ya kuanza kusema ukweli wake mkubwa.

Haba na haba

Kampeni za mazingira katika Kiswahili zina historia ndefu kuliko ile ya joto la dunia. Tanzania ilikuwa na kampeni ya redio ya "Misitu ni Mali" mnamo mwaka 1980, na kaulimbiu "Kata mti, panda mti" inajulikana na kila aliyesoma shule ya msingi huko. Kaulimbiu hiyo ina sifa moja ya haki: anayeambiwa apande ni yuleyule aliyekata. Deni na mdaiwa wanakaa katika sentensi moja. Mtindo uliofuata uliachana na hesabu hiyo. Sasa kila mtu anaambiwa apande, awe amekata au hakukata.

Methali inayotumiwa sana kuunga mkono wito huo ni "Haba na haba hujaza kibaba". Ni methali ya uwekaji akiba, na uwekaji akiba una sharti lake: kibaba ni cha yule anayekijaza. Ikiwa mmoja anatia punje na mwingine anachota kwa debe, methali haisemi lolote, kwa sababu haikutungwa kwa ajili ya hali hiyo. Iliyotungwa kwa ajili ya hali hiyo ni "Mchuma janga hula na wa kwao". Methali hii inakubali jambo ambalo kampeni hulificha: janga lina mchumaji, na walao ni wengi kuliko aliyechuma. Ni ajabu kidogo kwamba watungaji wa vijitabu vya mazingira huipita hii na kuikimbilia ile.

Ngano ya ndege mdogo anayezima moto wa msitu kwa matone ya mdomoni, aliyoipenda na kuisimulia mara nyingi Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, inastahili uangalifu zaidi. Ndege huyo kwa asili ni wa Amerika. Katika Kiswahili jamaa anayemfaa kwa umbo na ukubwa ni chozi. Wanyama wakubwa, tembo akiwamo, wanasimama wakiutazama moto na kumcheka; yeye anajibu kwamba anafanya awezalo. Huchukuliwa kama ngano ya juhudi ya mtu binafsi, na hivyo hufundishwa. Lakini ngano yenyewe inasema zaidi. Aibu haimwangukii chozi, inamwangukia tembo, mwenye mkonga wa kubeba maji mengi na asiyetikisika. Maathai hakuishia kuwaambia wanawake wapande miti. Tangu alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 aligombana na serikali juu ya nani anayegawa misitu na viwanja vya umma, na mwaka 1989 alilipinga jengo refu lililokusudiwa kusimama katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Msomaji anayembakiza chozi na kumtoa tembo amempunguzia ngano nusu yake. Kasoro moja inabaki hata hivyo: hadithi inaanza moto ukiwa umekwisha kuwaka, na hakuna mnyama anayeuliza nani aliyeuwasha.

Swali hilo limewekwa pembeni kwa ustadi mahali pengine pia. Usemi wa unyayo wa kaboni, unaomwalika kila mtu apime alama anazoacha angani kwa kula, kusafiri na kupika, ulienezwa kwa nguvu kuanzia mwaka 2004 na kampuni ya mafuta ya BP, iliyowapa watu kikokotoo cha kujipimia. Ni sitiari nzuri, na ndiyo maana imefanikiwa. Unyayo ni wa mtu mmoja mmoja, haufanani na wa jirani, na mara nyingi hutafutwa wakati wa kumsaka mwizi. Muuza mafuta amewapa wanunuzi wake kipimo cha kujitia hatiani, na yeye akabaki upande wa wapelelezi.

Wajumbe na Majivuno

Kutokana na hayo, shaka ya umma haina budi kutazamwa upya. Desturi ni kuiona shaka kuwa ni ujinga unaosubiri kuelimishwa. Zipo, hata hivyo, shaka mbili zisizofanana: shaka juu ya jambo, na shaka juu ya msemaji.

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo kizuri cha kuzitenganisha. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na maarifa yenye manufaa, na kila mmoja akatiwa kifungoni. Jina la nchi hiyo iliyoning'inia angani linatokana na kusadiki, na wahakiki wameshughulika sana na kinaya hicho. Lisilosisitizwa vya kutosha ni nani hasa asiyesadiki. Si raia. Anayekataa habari za wajumbe ni Waziri Majivuno na wenziwe, ambao maarifa mapya yangewagusa vyeo vyao. Shaka ya Kusadikika inatoka juu.

Historia ya shaka juu ya joto la dunia inafuata mkondo huohuo. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Supran, Rahmstorf na Oreskes ulioonyesha kwamba wanasayansi wa kampuni ya Exxon, kati ya mwaka 1977 na 2003, walikadiria kupanda kwa joto kwa usahihi ambao miaka imeuthibitisha, huku kampuni hadharani ikiendelea kuitia sayansi hiyo mashakani. Wajumbe walikuwamo ndani ya nyumba ya Majivuno mwenyewe. Shaka ya namna hii ni bidhaa. Ilitengenezwa na watu waliojua, na haifai kuwekwa katika fungu moja na ya mwanakijiji anayesikia redioni kwamba dunia inaungua kwa sababu ya makaa yake.

Shaka ya huyu wa pili inatokana na kumbukumbu. Kwa zaidi ya miaka 100 wageni wamefika Manono na sababu nzuri za kuchukua mawe. Anayesikia leo kwamba mawe mengine yanahitajiwa ili kuiokoa dunia ana haki ya kuuliza kama hii si sababu nyingine tu. Kuuliza hivyo si kuikana sayansi. Ni usomaji, na kwa kadiri fulani ni usomaji mzuri kuliko wa kijitabu kinachomkemea.

Lakini mhakiki akiishia hapo atakuwa amemsifu msikilizaji kupita kiasi, kwa sababu shaka juu ya msemaji huteleza kwa urahisi ikawa shaka juu ya jambo. Mfano uko mashariki ya Manono, katika makao makuu ya jimbo, Kalemie, mahali ambapo mto Lukuga unatoka katika Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 2020 ziwa lilipanda na kufurika mitaa ya Kalemie, Uvira na Bujumbura. Wahubiri wa kampeni walisema: joto la dunia. Mwenye kumbukumbu angeweza kujibu kwamba ziwa hili limepanda na kushuka tangu kale. Cameron alipoufikia mlango wa Lukuga mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, mto ulikuwa umezibwa na mimea na matope, na ziwa lilikuwa likijaa. Mwaka 1878 kizuizi kikabomoka, maji yakashuka. Ziwa lilijaa tena sana mnamo mwaka 1964. Jibu hilo lina ukweli, na anayelipuuza hujipotezea wasikilizaji wake wenye akili.

Hata hivyo maji ya ziwa yana habari nyingine isiyoonekana ufukoni. Tafiti mbili za mwaka 2003, katika Nature na Science, zilionyesha kwamba Tanganyika limepata joto katika karne ya 20, na tabaka la juu la maji sasa halichanganyiki na la chini kama zamani. Virutubisho havipandi, na mojawapo ya tafiti hizo ilikadiria kwamba mimea midogo inayolisha dagaa imepungua kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki pengine kwa asilimia 30. Wengine walibisha kwamba wavuvi wamezidi. Utafiti wa mwaka 2016 uliosoma mashapo ya chini ya ziwa uliona kupungua kulikoanza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Hapa mwenye shaka ana wajibu wa kusikiliza mpaka mwisho. Kupanda na kushuka kwa maji hakujibu hoja ya joto la maji. Ni mambo mawili, na kulitumia moja kulizima jingine ni mbinu ileile ya Majivuno, hata kama anayeitumia ni mvuvi.

Lawama na wajibu

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuyatenga mambo ambayo kampeni huyachanganya: hatia, lawama, wajibu, jukumu, dhamana. Mtu anaweza kuwa na wajibu pasipo hatia. Mpangaji anayezima moto uliowashwa na mwingine anatimiza wajibu; akiambiwa kwamba ni yeye aliyeuwasha, atatupa ndoo chini.

Suala la makaa linadai utengano huo zaidi ya mengine. Ni kweli kwamba misitu ikihesabiwa, Kongo haimo tena miongoni mwa nchi zisizotoa kitu. Ukataji wa miti kwa mashamba na makaa unatoa hewa ukaa nyingi, na hakuna hesabu ya tani za petroli itakayoufuta ukweli huo. Msikilizaji wa Manono anayepika kwa makala anahusika. Anahusika vipi? Anapika kwa makala katika mji ambao maporomoko yake yaliwasha mitambo ya bati tangu miaka ya 1930, kisha yakaachwa yanyamaze. Mtu aliyenyimwa njia ya pili hawezi kusemwa amechagua ya kwanza. Wajibu wake upo kwa kiasi cha uwezo wake: kuacha miti michanga, kupanda karibu na maji, kutumia jiko lisilokula sana. Hayo yangeweza kusemwa kwa ufupi na heshima, na bila neno "hatia". Vijitabu vichache husema hivyo. Vingi hupenda zaidi picha ya shoka na kisiki.

Wenye dhamana kubwa zaidi wako mbali na shoka hilo. Haki ya kuchimba lithiamu ya Manono imegombaniwa tangu mwanzo wa miaka ya 2020 na AVZ, shirika la serikali la Cominière na kampuni ya Kichina ya Zijin, mpaka mbele ya vyombo vya usuluhishi vya kimataifa. Mwaka 2025 kampuni ya Marekani ya KoBold Metals, ambayo Bill Gates ni mmoja wa walioiwekea fedha, iliingia nayo katika makubaliano na serikali ya Kongo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kwamba mchimbaji atenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za mahali, na aandikiane na jamii hizo waraka wa ahadi zake. Huko ndiko wajibu unakowekwa kwa majina, tarehe na sahihi, na huko ndiko "kila mmoja wetu" hugawanyika wakawa watu tofauti.

Sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, na mikataba ya madini vilevile. Mawaidha juu ya miti na makaa huja kwa Kiswahili.